Matokeo Yasiyotarajiwa ya Vinasaba: Ulizeni Kabla ya Kutia Saini



Mtu anayetoa damu yake kwa ajili ya utafiti wa vinasaba hutarajia lichunguzwe jambo lile tu aliloelezwa. Lakini damu hiyo ina habari nyingi zaidi. Mtafiti wa kisukari aweza kukuta hitilafu katika jeni ya BRCA1, ambayo huongeza sana hatari ya saratani ya matiti na ya ovari. Je, amwambie mwenye damu, au anyamaze?

Wapo wasemao aambiwe, kwa kuwa hatari ikijulikana mapema, maisha huweza kuokolewa. Mwaka 2013, chama cha wataalamu wa jenetiki ya tiba nchini Marekani kilipendekeza hitilafu za jeni 56 ziripotiwe kila mgonjwa apimwapo vinasaba kwa upana, hata kama hazihusiani na ugonjwa uliomleta. Mwaka uliofuata kikakubali kwamba mgonjwa apewe nafasi ya kukataa. Haki ya kujua huenda pamoja na haki ya kutojua.

Tena si kila habari huponya. Familia ipimwapo kwa ajili ya selimundu, yaweza kubainika kwamba anayemlea mtoto kama baba si mzazi wake wa damu. Habari hiyo haimtibu mtoto, na yaweza kuvunja nyumba. Ndiyo maana watafiti wengi huamua kutoitoa. Uamuzi huo ni wa haki iwapo washiriki walielezwa tangu mwanzo.

Basi, kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, ulizeni:

1. Mkikuta jambo msilolitafuta, mtanieleza?
2. Ni mambo gani hamtanieleza kamwe?
3. Naweza kuchagua kutojua, na kubadili nia baadaye?
4. Nani atarudia kipimo ili kuthibitisha, na nani atanishauri?
5. Je, ndugu zangu wa damu wataambiwa, na kwa idhini ya nani?

Kumbukeni pia kwamba kutoambiwa lolote si uthibitisho wa afya njema. Utafiti haushiki nafasi ya daktari.

Asiyepata majibu ya maswali haya asione haya kuahirisha kutia saini, au kukataa kabisa. Hilo halipaswi kumnyima matibabu yake ya kawaida. Kuuliza si ujinga.