Seroney Katika Kiti cha Naibu wa Spika



Niliombwa nizungumze juu ya wakili aliyeingia Bungeni. Nimemchagua marehemu Jean-Marie Seroney, mwana wa Nandi, aliyesomea sheria ng'ambo akarudi, na baadaye akawa mbunge wa Tinderet.

Tarehe 9 Oktoba 1975 alikuwa amekalia kiti cha Naibu wa Spika. Mheshimiwa Martin Shikuku akasema kwamba wapo wanaotaka kuliua Bunge kama KANU ilivyouawa. Upande wa serikali ukadai athibitishe. Seroney akaamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Siku sita baadaye askari waliingia katika majengo ya Bunge, wakawachukua wote wawili. Waliodai uthibitisho wakawa wameupata.

Mtaniuliza: walivunja sheria gani? Hawakuvunja yoyote. Maneno yasemwayo Bungeni yana kinga. Hakuna mahakama iwezayo kumhukumu mbunge kwa ajili yake. Serikali ililijua hilo, ndiyo maana haikwenda mahakamani. Ilishika sheria ya usalama wa umma, ambayo wakati ule iliruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila shtaka wala hakimu, na bila kuambiwa atatoka lini. Kinga ya Bunge haikuvunjwa, ilizungukwa.

Sikuja kumfanya mtakatifu. Julai 1969 alitoa Azimio la Nandi Hills, lililodai ardhi ya Wanandi na kuwataka wasio Wanandi waondoke. Alishtakiwa kwa uchochezi, akatozwa faini. Kudai ardhi iliyotwaliwa na wakoloni ni haki, nami ningemtetea kwa hilo. Lakini kumfukuza jirani ni jambo jingine, na ninyi mliowaona watu wa bara wakikimbilia kanisani hapa Likoni, Agosti 1997, hamhitaji wakili awaeleze.

Alifunguliwa Desemba 1978, baada ya Mzee Kenyatta kufariki. Mwaka 1979 aligombea tena Tinderet, akashindwa. Bunge lililochaguliwa mwaka huo, ambalo yeye hakuwamo, ndilo lililopitisha Juni 1982 kifungu cha 2A, kilichoifanya KANU chama pekee kisheria hadi kilipofutwa Desemba 1991.