KIWANJA CHETU TUKITENGENEZE, TUSIKIGAWE

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama. Yamenakiliwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika mkutanoni.)



Nimepewa nafasi niseme machache juu ya kiwanja chetu cha mikutano, hiki kilicho mbele ya ghala. Hali yake kila mtu anaiona. Kivuli kimebaki cha miti miwili tu, mbuzi wanamaliza miche, maji ya mvua yamechimba korongo katikati, na taka za gulio zinaachwa pale pale.

Mapendekezo yako mawili. La kwanza, tukitengeneze. La pili, upande wa barabarani ukatwe vipande, wapewe watu wajenge vibanda vya biashara. Hawa wa pili tusiwabeze, maana vijana wetu kweli wanahitaji mahali pa kuuzia. Lakini kabla hatujanyoosha mikono, tutazame wenzetu walifanyaje.

Kule Unguja, ufukoni mwa Mji Mkongwe, ipo bustani inaitwa Forodhani. Jina lenyewe linasema: hapo ndipo palipokuwa na forodha, mizigo ikishushwa na ushuru ukitozwa. Ng'ambo ya barabara liko jumba la Beit al-Ajaib lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Agosti 27, 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga majumba ya Sultani hapo hapo ufukoni, na vita ile haikufika hata saa moja. Baadaye shughuli za bandari zikahamia Malindi. Katika miaka ya 1930 mahali pale pakafanywa bustani, wakubwa wakaipa jina la Jubilei. Watu wao wakaendelea kusema Forodhani, na jina la watu ndilo lililobaki mpaka leo.

Basi, miaka ikapita, bustani ikachakaa. Ukuta wa bahari ukabomoka, majani yakakanyagwa yakaisha, maji machafu yakatuama. Januari 2008 kazi ya kuitengeneza ikaanza, Serikali ya Mapinduzi ikishirikiana na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni. Ukuta ukajengwa upya, mifereji ikachimbwa, taa na miti vikawekwa. Julai 2009 ikafunguliwa.

Sasa mtaniuliza: wale wauza pweza na mishikaki walifukuzwa? Hapana. Walipangiwa sehemu yao ndani ya bustani. Jioni wanapanga meza na kuwasha taa, wakimaliza wanaondoa vitu vyao. Wanapata riziki, lakini hakuna mwenye hati ya kipande cha Forodhani. Kesho yake asubuhi mtoto yeyote anacheza pale pale. Vijana wetu nao wanaweza kupangiwa mstari wa meza siku ya gulio bila ya kijiji kupoteza hata hatua moja ya ardhi. Kibanda cha tofali hakiondoki jioni, ndugu zangu. Kikishasimama, mwenyewe atakirithisha.

Jambo la pili. Mnamo Desemba 25, 2020 sehemu ya lile jumba la Beit al-Ajaib, linalotazamana na bustani iliyokwisha kutengenezwa vizuri, iliporomoka. Watu wawili walikufa. Jumba lilikuwa limechakaa kwa miaka mingi, na lilianguka wakati matengenezo yakiendelea. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na pale wamejionea. Korongo letu leo linajazwa kwa mawe ya siku mbili. Tukingoja misimu mitano, litataka katapila.

Wengine watasema, "Wale wana wafadhili, sisi tuna nani?" Haya, tusiende mbali. Hapa hapa mkoani kwetu upo msitu wa Mgori, hekta zaidi ya 40,000. Katikati ya miaka ya 1990 vijiji vitano vinavyouzunguka vilikubali kuutunza vyenyewe. Vikaweka sheria ndogo na walinzi wao, wakadhibiti moto na ukataji ovyo. Ni wakulima kama sisi. Ikiwa wao waliweza msitu mzima, kiwanja kimoja kitatushinda?

Tena sheria iko upande wetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imetenga ardhi ya matumizi ya wote, na inasema wazi kwamba ardhi hiyo haitolewi kwa mtu binafsi. Lakini sheria haisimami yenyewe mlangoni ikakemea watu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kiwanja hiki kipimwe, mipaka iwekwe mawe, na kiandikwe kwenye daftari la ardhi la kijiji mbele ya mkutano mkuu.

Kwa hiyo natoa mapendekezo haya:

1. Kipimwe na kuandikwa kabla ya kazi nyingine yoyote.

2. Korongo lijazwe mawe, na mfereji uchimbwe juu yake, kiangazi hiki baada ya kuvuna alizeti.

3. Mashimo ya miti yachimbwe na kutiwa samadi mapema, miche ipandwe mvua zikishika. Kila mche uzungushiwe miiba na uwe na kaya yake ya kuumwagilia. Mvua zetu ni za msimu mmoja, mche usio na mwenyewe haufiki Oktoba.

4. Siku ya gulio kila mwenye meza alipe kidogo kwa stakabadhi, na fedha hiyo iwe ya usafi na matengenezo tu. Mapato na matumizi yabandikwe hapa ukutani kila mwezi.

Ndugu zangu, kiwanja hiki ndipo tunapogombana na kupatana, ndipo tunapoaga maiti zetu na kucheza ngoma zetu. Asiye na shamba kubwa na asiye na ng'ombe, hapa ana haki sawa na tajiri. Tukikigawa, yeye ndiye wa kwanza kukosa pa kukaa.



(Uamuzi utafanywa na mkutano mkuu wa kijiji. Uliyesoma, msomee na jirani asiyejua kusoma.)