Kuhesabu Askari wa Damu Bado ni Wajibu

Mwezi wa Septemba 2015, Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa shauri kwamba kila mtu mwenye virusi vya UKIMWI aanzishiwe dawa mara anapogunduliwa, bila kungoja kinga ya mwili wake ishuke kwanza. Lilikuwa shauri jema. Lakini tangu hapo imezuka, katika nchi nyingi, fikira kwamba kipimo cha CD4 hakina kazi tena. Fikira hiyo ni ya hatari, na haifai kupewa nafasi Bujumbura wala mikoani.

CD4 ni kipokezi kilichoko juu ya baadhi ya chembe nyeupe za damu, zile zinazoongoza nyingine katika vita dhidi ya maradhi. Mwaka 1984 wataalamu wa London na wa Paris, kila kundi kwa upande wake, walionyesha kwamba kipokezi hicho ndicho mlango ambao virusi vya UKIMWI huingilia. Waliuziba mlango huo kwa kingamwili, na virusi vikashindwa kupita.

Kingamwili za namna hiyo, zinazotambua kitu kimoja tu, ni matunda ya kazi ya César Milstein na Georges Köhler, waliyoitangaza mwaka 1975 huko Cambridge, Uingereza. Waliunganisha chembe ya panya inayotengeneza kingamwili na chembe ya saratani isiyokoma kuzaana. Njia hiyo haikuwekewa hataza, ikawa huru kwa walimwengu. Mwaka 1984 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne.

Katika maabara, kingamwili hizo hutiwa rangi inayong'aa na kuchanganywa na damu ya mgonjwa. Hunata kwenye CD4, kisha mashine huzipitisha chembe moja moja mbele ya mwanga na kuzihesabu. Kwa kuwa ziko chembe za aina nyingine zenye CD4 kidogo, huongezwa kingamwili ya pili, itambuayo CD3, ili mgeni asihesabiwe pamoja na wenyeji. Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe 500 hadi 1,500 hivi katika mikrolita moja ya damu. Zikiwa chini ya 200, mlinzi wa nyumba amekwisha kulala.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kipimo cha wingi wa virusi huonyesha kama dawa zinafanya kazi. Hakionyeshi ni askari wangapi waliobaki. Wala jicho la mganga halitoshi, kwani mtu aweza kutembea sokoni akionekana mzima hali kinga yake imekwisha. Ndiyo sababu mwaka 2017 Shirika hilohilo lilielekeza kwamba mgonjwa aliye chini ya 200 achunguzwe upesi kifua kikuu, na aliye chini ya 100 achunguzwe pia kuvu inayoshambulia utando wa ubongo. Asiyepimwa hajulikani, na asiyejulikana hufa akiwa na dawa za virusi mkononi.

Wako wanaosema kwamba mashine ni ghali, umeme hukatika, na kingamwili lazima zitunzwe katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Hayo ni kweli. Lakini tangu mwaka 2020 kiko kipimo cha ukanda kilichoidhinishwa na Shirika hilo, kisichohitaji mashine, ambacho huonyesha kama chembe ziko juu au chini ya 200. Zahanati ya mlimani yaweza kukitumia.

Mwaka 1993, wakati dawa za kuokoa maisha zilikuwa bado hazijapatikana, wananchi wa Burundi walianzisha chama cha ANSS ili wenye virusi wasiachwe peke yao. Hawakungoja wageni. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, ilidhihirika tena kwamba afya inayotegemea mfuko wa jirani haina msingi. Ununuzi wa vipimo hivi hauna budi kuwa na fungu lake katika bajeti ya taifa, na kila anayegunduliwa leo ahesabiwe chembe zake siku za kwanza. Wahenga walinena: mficha maradhi, kilio humfichua. Taifa lisilopima nalo linaficha.