Daftari la Kompyuta Linapoelemewa

Natumaini mmekwisha kuketi, na mwalimu ameandika ubaoni maneno matatu ya leo: kumbukumbu, faili, kuvuja. Yasomeni pamoja kwa sauti. Vema. Sasa tuanze.

Tongoni ni kijiji cha wavuvi, kusini ya mji wa Tanga, penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ilifungua njia ya vikundi vya wavuvi kushirikiana na serikali katika kutunza bahari yao. Kazi moja ya vikundi hivyo ni kuandika samaki wanaoshushwa pwani: ni nani aliyewaleta, ni samaki gani, na ni kilo ngapi.

Tuchukue mfano. Tuseme kikundi kimoja cha hapo kimeacha daftari la karatasi, na sasa karani huandika hesabu katika kompyuta. Daftari la namna hiyo huitwa hifadhidata. Asubuhi kazi huenda vizuri. Saa sita mchana mashine huanza kuwa nzito. Saa tisa, mashua zinapofika kwa wingi, programu hugoma na kujifunga. Samaki aliokuwa akiwaandika karani wakati ule hupotea katika hesabu. Jambo hili si dogo. Mvuvi atakaye mkopo wa kununua nyavu huulizwa hesabu yake. Hesabu ikiwa na matundu, nani atamwamini?

Basi tufanye nini? Watu wengi husema, "Tununue mashine mpya." Ngojeni kwanza. Fundi hodari hapigi nyundo kabla hajajua ubao upi umeoza.

Jambo la kwanza ni kutofautisha vitu viwili. Kumbukumbu ya kompyuta ni kama meza ya karani: huweka juu yake makaratasi anayoyatumia sasa. Diski ni kama kabati: ndimo yanamokaa mafaili hata mashine ikizimwa. Meza ikijaa, kazi hukwama, hata kama kabati lina nafasi tele. Kwa hiyo kufuta picha za zamani katika diski hakutaiponya meza iliyojaa.

Jambo la pili ni kupima. Katika kompyuta zenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha liitwalo Task Manager. Tafuta jina la programu yako, utazame safu ya kumbukumbu. Andika namba hiyo katika karatasi, pamoja na saa. Karani wetu aliandika hivi: saa mbili asubuhi, megabaiti 150, saa nne, 420, saa sita, 700, saa nane, 980.

Jambo la tatu ni kuzisoma namba hizo kwa akili. Si kila kupanda ni ugonjwa. Programu nyingi za hifadhidata huweka karibu yale zilizokwisha kuyasoma, zisirudi kabatini kila mara. Hizo hupanda, kisha husimama mahali pamoja. Huo ni uzima. Lakini namba ikipanda mchana kutwa, na hata fomu zote zikifungwa haishuki, jueni kwamba programu inavuja: inachukua nafasi mezani na hairudishi.

Jambo la nne ni kutafuta tundu. Fanyeni tendo moja tu, tena na tena, na msichanganye na jingine. Karani alifungua programu upya. Namba ikawa 160. Akaifungua fomu ya mvuvi na kuifunga mara 10. Namba ikawa 280. Akarudia mara 10 nyingine, ikawa 400. Hebu tufanye hesabu. Kila mara 10 zimeongezeka megabaiti 120. Basi kila mara moja ni 12. Kisha akaijaribu fomu ya bei kwa njia ile ile, namba haikupanda. Tundu limeonekana: li katika fomu ya mvuvi.

Tuendelee. Wakifika wavuvi 80, na fomu hiyo ikifunguliwa mara mbili kwa kila mmoja, hizo ni mara 160. Mara 160 kwa megabaiti 12 ni 1,920. Ongezeni 160 za mwanzo, mtapata 2,080. Programu ya namna ya zamani, iitwayo ya biti 32, kwa kawaida haipewi na Windows zaidi ya gigabaiti 2, yaani megabaiti 2,048. Kwa hiyo hata mkinunua kumbukumbu nyingi zaidi, programu hiyo haitaweza kuitumia yote. Fedha za kikundi zingekwenda bure.

Jambo la tano ni kuziba. Aliyeitunga programu aitwe, apewe karatasi ile ya namba. Atazame mambo matatu. Je, kila orodha inayofunguliwa na fomu inafungwa kazi ikiisha? Je, fomu inaleta hesabu za miaka yote, wakati karani anataka za leo tu? Je, picha za wavuvi zimetiwa nzima ndani ya hifadhidata? Yafaa picha zikae nje, na ndani liandikwe jina la faili tu.

Fundi asipofika upesi, karani aihifadhi kazi yake, aifunge programu na kuifungua tena saa sita, kabla mashua hazijafika. Hiyo ni kama kukumba maji katika mashua: inawafikisha pwani, lakini tundu bado lataka kalafati.

Neno la mwisho ni juu ya faili. Katika Microsoft Access, faili la hifadhidata haliwezi kupita gigabaiti 2. Tena, mkifuta maandishi ya zamani, faili halipungui hapo hapo. Hupungua mkitumia amri iitwayo Compact and Repair Database. Kabla ya kuitumia, watu wote waifunge hifadhidata hiyo, na nakala iwekwe mahali pengine. Asiye na nakala asiiguse amri hiyo.

Sasa zungumzeni darasani:

1. Kumbukumbu na diski zina tofauti gani?

2. Namba ikipanda kisha ikasimama, je, ni ugonjwa? Toeni sababu.

3. Programu inaanza na megabaiti 100. Fomu ikifunguliwa na kufungwa mara 20, inafika 260. Kila mara moja imeongezeka megabaiti ngapi?

4. Katika kikundi chenu, ni hesabu gani ikipotea italeta ugomvi, na nakala yake iko wapi?

Swali la nne msiliache. Mkiona hakuna nakala, leo hii mchagueni mtu mmoja wa kuitunza. Kwaherini, na kazi njema.