Mtu wa Pili: Jinsi Wamarekani Wanavyomchagua Makamu wa Rais

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika darasa la jioni la tawi)



Juma lililopita, tulipokuwa tukizungumza habari za uchaguzi wa Marekani, mzee mmoja aliyeketi pale mlangoni alisimama akauliza: "Huyo Makamu wa Rais hasa ni nani? Mbona jina lake hupigiwa kura pamoja na la mkubwa wake, kisha hatumsikii tena?" Watu walicheka, na sisi tulicheka. Lakini tulipofika nyumbani tuliona kuwa mzee wetu hakujibiwa. Tulipokuwa chuo cha ualimu tulikariri majina ya Marais wa Marekani kwa mpango, tangu Washington. La makamu hatukufundishwa hata moja. Kwa hiyo jioni hii twaomba ruhusa tulijibu swali lile.

Hapo mwanzo Wamarekani hawakuwa na mgombea mwenza. Katiba yao iliyoandikwa mwaka 1787 ilisema kwamba kila mjumbe mteule wa kumchagua Rais atoe kura mbili. Atakayeongoza awe Rais, na wa pili wake awe Makamu. Mwaka 1800 mpango huo uliwatokea puani. Jefferson na Burr, watu wa chama kimoja, walipata kura 73 kila mmoja, na Baraza la Wawakilishi likapiga kura mara 36 kabla ya Jefferson kushinda. Ndipo mwaka 1804 wakabadili Katiba, kura ya Rais ikawa mbali na ya Makamu. Tangu hapo vyama vikawa vyasimamisha watu wawili pamoja, mkubwa na mwenzake.

Huyo mwenzake huchaguliwa kwa hesabu. Mgombea akiwa mtu wa Kaskazini, hutafutiwa mtu wa Kusini. Akiwa kijana, hutafutiwa mtu mzima. Zamani waliomchagua walikuwa wajumbe katika mkutano mkuu wa chama, na wakubwa wa chama wakipatana faraghani usiku. Tangu Roosevelt aliposhikilia mwaka 1940 kwamba atampata Wallace au hataki kugombea, kwa kawaida mgombea mwenyewe ndiye anayemtaja. Lakini hesabu ni ile ile: huyu ataniletea kura za nani?

Na kazi yenyewe ni ndogo. Huongoza mikutano ya Seneti, na kupiga kura pale zinapolingana tu. John Adams, makamu wa kwanza kabisa, alimwandikia mkewe kulalamika kwamba amepewa kazi isiyo na maana kupita kazi zote. Basi wenye chama hujiambia: kiti ni kidogo, tukitumie kununulia kura.

Hapo ndipo hesabu yao ina tundu. Makamu tisa wa Marekani wamekuwa Marais bila kuchaguliwa kuwa Marais: wanane kwa sababu wakubwa wao walikufa au waliuawa, na mmoja, Ford, kwa sababu Nixon alijiuzulu mwaka 1974. Wala si mambo ya ng'ambo tu. Mwezi wa Machi 2021 Tanzania ilipofiwa na Rais John Magufuli, aliyeapishwa kushika nchi ni Bibi Samia Suluhu Hassan, mgombea mwenza wake katika uchaguzi wa 2015 na wa 2020.

Sasa ndugu zetu, twataka kukaa kidogo katika mwaka 1864, maana mwaka huo una mambo.

Marekani ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe. Majimbo ya Kusini yalikuwa yamejitenga ili yaendelee kushika watumwa, na Rais Lincoln alikuwa akigombea mara ya pili. Makamu wake alikuwa Hannibal Hamlin wa Maine, adui wa utumwa. Lakini Maine ilikuwa mkononi tayari. Hamlin hakuleta kura mpya. Mkutano mkuu uliokutana Baltimore mwezi Juni ukamwacha, ukamchukua Andrew Johnson wa Tennessee. Hesabu ilikuwa nzuri sana. Johnson alikuwa mtu wa Kusini, na wa chama cha upinzani, tena ndiye senata pekee wa majimbo yaliyoasi aliyekataa kuondoka Seneti. Alikuwa mshona nguo ambaye hakupata kwenda shule hata siku moja. Alikuwa pia amepata kumiliki watumwa. Wenye historia wanabishana hata leo kama Lincoln mwenyewe ndiye aliyemtaka. Ambalo halina ubishi ni kwamba hawakumtazama kama mtu wa kuongoza nchi. Walimtazama kama daraja la kuvukia uchaguzi.

Wakashinda. Tarehe 4 Machi 1865 Johnson aliapishwa, naye alikuwa mgonjwa na amekunywa wiski, akatoa hotuba ya kuaibisha mbele ya Seneti nzima. Baada ya siku 42 Lincoln alikuwa maiti, amepigwa risasi, na Johnson ndiye Rais.

Tazameni sasa watu ambao hawakuwamo katika mkutano wa Baltimore. Mwezi Januari 1865 Jenerali Sherman alikuwa amekutana huko Savannah na viongozi 20 wa makanisa ya watu weusi, wakaulizwa wanataka nini ili waweze kujitegemea. Wakajibu kwa kinywa cha mzee wao, Garrison Frazier: ardhi. Siku nne baadaye Sherman alitoa amri ya kutenga visiwa na mashamba ya pwani, toka Charleston kushuka hadi mto St. Johns kule Florida, wagawiwe walioachwa huru, kila jamaa isiyozidi eka 40. Kufika Juni watu wapatao 40,000 walikuwa wamekwisha kaa juu ya eka zipatazo 400,000. Walikuwa wakilima mahali pale pale walipokuwa wakichapwa viboko.

Johnson aliwasamehe waasi wa Kusini, na aliyesamehewa alirudishiwa mali yake, ila watumwa tu. Ardhi ikawa mali ya kurudishwa. Mwezi Oktoba 1865 alimtuma Jenerali Howard, aliyepoteza mkono wake wa kulia vitani kwa ajili ya watu hao hao, aende kisiwa cha Edisto kuwapasha habari. Watu walijaa kanisani. Howard alijaribu kusema, kelele za uchungu zikamfunika, hata mama mmoja alipoanzisha wimbo wa huzuni ndipo wakatulia kidogo. Akawaambia wapatane na mabwana zao wa zamani, wawe vibarua. Wakachagua kamati yao, wakaandika barua: ardhi hii tuliilima bila malipo, na sasa mwatuambia tumwendee yule aliyetufunga tukamwombe kazi?

Ardhi haikurudi. Baraza la nchi lilipigana na Johnson. Alipoikataa sheria ya haki za raia ya 1866 waliipitisha juu ya kichwa chake, na mwaka 1868 walimshtaki wamwondoe, akaokoka kwa kura moja. Lakini eka zile zilikwisha kwenda. Sisi twaona kwamba hakuna kura ya mwaka 1864 iliyonunuliwa kwa bei kama hiyo, na waliolipa ni watu ambao wengi wao hawakuwa hata na haki ya kupiga kura.

Mengine tutayapita upesi. Mwaka 1944 wakubwa wa chama cha Roosevelt waliona kwa macho yao kwamba mzee anadhoofika. Walimwondoa Wallace wakamweka Truman wa Missouri, na safari hii yafaa tuseme haki: wengine kati yao walijua kuwa wanachagua Rais. Hata hivyo Truman alikuwa makamu siku 82, na habari kamili za bomu la atomiki alielezwa baada ya kuapishwa. Mwezi Agosti bomu hilo liliangushwa Hiroshima na Nagasaki.

Na mtu asiseme kwamba twahukumu kila mtu wa Kusini kwa sababu ya Johnson mmoja. Mwaka 1960 Kennedy wa Massachusetts alimtwaa Johnson mwingine, Lyndon, wa Texas, kwa hesabu ile ile. Texas ilikuwa na kura 24 za wajumbe wateule, nao wakaipata. Watetezi wengi wa haki za watu weusi walinung'unika. Kennedy alipouawa Dallas tarehe 22 Novemba 1963, ni huyu Johnson aliyetia sahihi Sheria ya Haki za Raia mwaka 1964 na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura mwaka 1965. Huyo huyo akawapeleka vijana wao Vietnam kwa malaki. Bahati nasibu hutoa zawadi pia, lakini nani aiwekee nchi yake?

Twamalizia na Atlantic City, Agosti 1964. Johnson, sasa Rais, alikuwa akitafuta mwenza, na Hubert Humphrey alikitamani kiti kile sana. Humphrey alikuwa na sifa. Tangu mwaka 1948 alisimama katika mkutano mkuu kutetea haki za watu weusi. Wakati huo huo wakafika wajumbe wa Mississippi, wengi wao weusi, waliokataa wajumbe weupe watupu waliotumwa na jimbo lao. Miongoni mwao alikuwa Bibi Fannie Lou Hamer, mchuma pamba, aliyefukuzwa shambani kwa kosa la kujiandikisha apige kura, na kupigwa mahabusu mwaka 1963. Alipokuwa akitoa ushahidi mbele ya televisheni, Johnson aliitisha waandishi kwa haraka ili kamera zimwache.

Kazi ya kuwanyamazisha alipewa Humphrey, na kila mtu alifahamu kuwa huo ndio mtihani wake. Aliwaletea viti viwili, na watu wa kuvikalia wamekwisha chaguliwa na wengine. Bibi Hamer akamkabili uso kwa uso: je, kazi yako ni kubwa kuliko maisha ya watu wa Mississippi? Wakavikataa viti vile. Humphrey akapata umakamu.

Mwaka 1968, mkutano mkuu ulipofanyika Chicago, Bibi Hamer aliingia akiwa mjumbe halali wa Mississippi, na watu wakasimama kumpigia makofi. Humphrey ndiye aliyeteuliwa kugombea Urais mwaka huo, akashindwa na Nixon.

Mzee wetu, hayo ndiyo majibu ya swali lako. Twamwomba Mwenyekiti aruhusu maswali mengine.