Utetezi wa Picha ya "Hatari!"

Hotuba iliyotolewa Tandale mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa



Nimepewa dakika ishirini, na Mwenyekiti amekwisha nitahadharisha kwamba pilau inaiva. Kwa hiyo naingia moja kwa moja katika shauri. Kamati ya sherehe imepanga kwamba Jumamosi ijayo tuonyeshwe, hapa hapa uwanjani, picha ya Kimarekani iitwayo "Hatari!" Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wameandika barua wakiomba picha hiyo iondolewe, kwa sababu ni ya kibaguzi. Barua yao nimeisoma mara mbili. Imeandikwa kwa Kiswahili safi na hoja zake zina uzito. Hata hivyo nimesimama kuipinga.

Kwanza niwaeleze wale ambao hawajaiona. "Hatari!" ilitolewa mwaka 1962. Mwelekezaji wake ni Howard Hawks, na steringi ni John Wayne. Sehemu kubwa ya picha hiyo ilipigwa hapa kwetu Tanganyika, upande wa Arusha na Momella chini ya Mlima Meru, kati ya mwisho wa mwaka 1960 na mwanzo wa 1961. Zingatieni tarehe hizo. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha unda serikali ya TANU tangu Septemba 1960, na Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. Kisa chenyewe ni chepesi: kundi la watu wanakamata wanyama hai porini kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo. Kifaru anamjeruhi mmoja wao, anakuja msichana mpiga picha kutoka Ulaya, watu wanapendana, watoto watatu wa tembo wanaleta vurugu, basi. Inachukua zaidi ya saa mbili na nusu, kwa hiyo mje mmekula.

Mtaniuliza, picha isiyo na farasi wala mji wa Texas inakuwaje ya kauboi? Mtazameni aliyeitengeneza. Hawks huyo huyo ndiye aliyetengeneza "Red River" mwaka 1948 na "Rio Bravo" mwaka 1959, picha mbili za kauboi zinazosifiwa kupita nyingi, na zote mbili steringi ni Wayne huyo huyo. Mwanamke aliyeandika mchezo wa "Hatari!", Leigh Brackett, alikuwa mmoja wa waandishi wawili wa "Rio Bravo". Walichokifanya ni kuondoa farasi wakaweka lori, wakaondoa ng'ombe wakaweka kifaru na twiga. Kofia ni zile zile na kitanzi ni kile kile. Lile kundi la wanaume wanaotaniana, wanaoneana wivu na kusaidiana kazini ni lile lile.

Mji huu unawajua makauboi tangu zamani. Mwingereza mmoja, Leslie, aliyefanya uchunguzi wa maisha ya Dar es Salaam mwaka 1956, aliandika jinsi vijana wa mjini walivyoiga mavazi ya makauboi waliowaona katika sinema. Watu walikwenda Empire, Avalon, Odeon na Cameo. Tangu mwaka 1966 wenye magari, na wasio na magari walioingia kwa njia wanazozijua wenyewe, walikwenda Drive-In kule Msasani, mahali ambapo leo umejengwa Ubalozi wa Marekani. (Vijana mnacheka, lakini ndivyo ilivyo.) Baba zetu walijua vizuri kwamba steringi hafi na kwamba Wahindi Wekundu ndio watakaokufa. Wakalipa, wakaingia, wakatoka na akili zao timamu.

Sasa mashtaka. Barua inasema kwamba katika picha nzima, iliyopigwa katika nchi yetu, hakuna Mwafrika hata mmoja mwenye nafasi ya maana. Jambo hilo ni kweli, nami sitalipunguza. Wakubwa wa kisa ni Mmarekani, Mwitalia, Mjerumani, Wafaransa na mtu wa Mexico; kisha yupo mmoja anayeitwa "Indian", Mhindi Mwekundu wa Marekani, ambaye anachezwa na Mzungu, Bruce Cabot. Waafrika wapo kila mahali na hawamo katika kisa. Tena mnasema kwamba jina la picha limechukuliwa katika lugha yetu, na wenye lugha wakaachwa nje. Msemo huo umenipendeza, aliyeuandika apewe alama zake.

Lakini nawaombeni mtazame kile kinachoonekana katika kioo, si kile kilichoandikwa katika karatasi ya mchezo. Hawks alitaka wachezaji wake wafanye kazi ya kweli ya kukamata. Mnyama hawezi kufundishwa kurudia tukio mara kumi, kwa hiyo lile lori linalomfukuza kifaru linamfukuza kweli. Wayne ameketi katika kiti kilichofungwa juu ya madigadi ya mbele, ameshika mti mrefu wenye kitanzi, vumbi linamwingia mdomoni. Kitanzi kinanasa. Na sasa hapo ndipo mfungue macho. Nani wanaoruka kutoka nyuma ya gari? Nani wanaokimbilia miguu ya mnyama mwenye uzito wa tani moja na kamba mikononi? Ni Waafrika. Wakiwa kazini hawamsubiri mtu awaelekeze. Wanajua mguu upi unashikwa kwanza, na wanajua wakati wa kuachia. Hao si watu waliovalishwa manyoya wakaambiwa wacheze ngoma. Hao ni mafundi wa kazi yao, na kamera, kwa bahati au kwa makusudi, imewaonyesha wakiifanya.

Sisi wa Tandale hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Nendeni sokoni pale alfajiri magari ya mahindi na maharage yanapoingia kutoka mikoani. Mlangoni mwa lori limeandikwa jina la tajiri. Utingo haandikwi jina lake popote, wala kuli anayeshusha gunia la kilo mia kwa mgongo. Je, mtu akipiga picha ya soko letu asubuhi hiyo, akaonyesha jina la tajiri likiwa limeng'aa mlangoni na makuli wakiwa hawana majina, tutaichana picha hiyo? Mimi ningeitunza, kisha ningekwenda kuuliza majina.

Katika jambo hili ndipo ninapotofautiana na barua yenu. Inachukulia kwamba kupuuza na kutukana ni kosa moja. Ni makosa mawili, na dawa zake hazifanani. Ziko picha zilizotutukana. Mwaka 1966 Wataliano wawili, Jacopetti na Prosperi, walitoa "Africa Addio". Ndani yake mmewekwa maiti za Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, zilizopigwa kutoka angani, na shabaha ya picha yote ni kumwambia mtazamaji wa Ulaya kwamba Mwafrika, akiachiwa nchi yake, ataiua. Picha hiyo inatuzungumzia tangu mwanzo hadi mwisho, wala haitunyimi nafasi. Ingalikuwa heri itunyime! Anayetaka kuandika barua ya kupinga picha hiyo isionyeshwe katika sherehe ya shule, nitatia sahihi ya kwanza. "Hatari!" haina shabaha ya namna hiyo. Hakuna mtu anayeuawa ndani yake. Hakuna kabila la washenzi linaloshambulia kambi usiku, jambo ambalo lilikuwa kama chumvi katika picha za Afrika za miaka ile. Hakuna hotuba kuhusu mzigo wa mtu mweupe. Damu inatajwa mara moja tu: yule Mhindi Mwekundu yuko hospitalini Arusha, anahitaji damu ya aina adimu, na anayekuwa nayo ni kijana wa Kifaransa ambaye hakuna mtu katika kundi anayemjua. Inatiwa, mtu anapona, kazi inaendelea.

Kuna ile sehemu ya msichana mpiga picha, aliyewalea watoto wa tembo, kufanyiwa sherehe na wenyeji na kuitwa Mama Tembo, akapakwa rangi na kuchezewa ngoma. Barua inasema ni dhihaka. Nimeitazama tena kwa ajili ya hotuba hii. Naona ni sehemu ya kitoto, imewekwa ili watu wacheke, na ukweli ni kwamba anayechekesha ni yeye msichana, aliyesimama hajui aiweke wapi mikono. Mimi sipendi sehemu hiyo. Mtaitazama wenyewe, na mtakayemwona ni wa kuchekwa mtaniambia.

Na huyo John Wayne? Hapa vijana wamefanya kazi ya utafiti, maana wameyataja mahojiano yake na gazeti la "Playboy" la mwaka 1971. Ni kweli alisema anaamini ubwana wa weupe mpaka weusi watakapoelimishwa wafikie kiwango cha kushika madaraka. Akasema pia kwamba haoni kosa katika kuwanyang'anya Wahindi Wekundu ardhi yao. Maneno hayo ni ya kibaguzi, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, nami simtetei mtu huyo hata kwa nukta. Lakini picha haitengenezwi na mtu mmoja. Katika lori hilo hilo yumo Hardy Krüger, Mjerumani, ambaye utotoni alipelekwa katika shule ya Hitler ya kuwalea viongozi wa Kinazi, naye baadaye akautumia uzee wake kuzunguka akiwaeleza vijana wa Ujerumani ubaya wa Unazi. Aliipenda Momella hata akanunua shamba pale na kuishi miaka. Alifariki mwaka 2022. Basi tukiihukumu picha kwa kinywa cha Wayne, tuihukumu pia kwa kinywa cha Krüger, na mwishowe tutakuwa tunahukumu vinywa na picha yenyewe hatujaitazama.

Niongeze neno kuhusu kukataza. Wakati wa mkoloni ilikuwako bodi ya kukagua sinema. Picha moja iliweza kupasishwa kwa Wazungu na Wahindi, ikakatazwa kwa Waafrika, eti kwa kuwa sisi ni wepesi wa kudanganyika na kioo. Nawajua vijana mlioandika barua, hamna nia hiyo hata kidogo. Mnataka kulinda heshima yetu. Lakini hukumu inayotoka ni ile ile: watu wazima wa Tandale wasionyeshwe, wataumia.

Kuhusu wanyama kupelekwa ng'ambo, nakubaliana nanyi kwamba leo inauma kuona. Ila kumbukeni hali ilivyokwenda. Wakati ule nchi ilikuwa na vifaru kwa maelfu. Miaka ya 1970 na 1980 majangili wakawamaliza karibu wote, mpaka serikali ikaendesha Operesheni Uhai mwaka 1989. Kijana wa leo anayetaka kuona kifaru wa Tanganyika akikimbia kwa nguvu zake zote katika mbuga wazi, mbele ya kamera nzuri yenye rangi, ana mahali pachache sana pa kwenda. Picha hii ni pamoja. Mpigaji wake, Russell Harlan, alipendekezwa kupewa Oscar kwa kazi hiyo, na ukiona vumbi la asubuhi lile utaelewa.

Sasa nina pendekezo, na kamati imenikubalia niliseme. Katika mabanda ya video ya mtaa huu hatujapata kuitazama picha ya kigeni kama wenyewe walivyoituma. Msimulizi hushika kipaza sauti, akaitia Kiswahili, akawapa watu majina, akamtania steringi, akaeleza kitu ambacho Hollywood haikukisema. Lufufu alijulikana nchi nzima kwa kazi hiyo. Basi Jumamosi nataka vijana wawili kati ya walioandika barua washike kipaza sauti. Picha ikifika mahali pa kukamata kifaru, wakuu wa kisa mnaweza kuwaacha wapige kelele zao. Msimulie wale wanaoruka na kamba. Semeni wanafanya nini na kwa nini. Semeni pia mkionacho kibaya, kwa sauti, hata wakati wa Mama Tembo.

Ninyi wahitimu, baadhi yenu mna wazee wa upande wa Arusha na Meru. Yawezekana yuko mzee aliyefanya kazi ya kukamata wanyama miaka ile, au aliyewajua waliofanya. Mleteni, au mpigieni simu kabla ya Jumamosi mkamuulize majina. Katibu atakuwa na daftari pale mlangoni. Picha itaanza saa moja na nusu usiku, jua likishazama vizuri. Shuka jeupe limepatikana, jenereta tumeazima, na kila mtu aje na kiti chake, kwa maana viti vya shule havitoshi.