Kazi Iliyosimama Njiani
(Maneno ya karani mmoja wa machimbo mbele ya wandugu wa Kalemie)



Mmeniomba niseme juu ya kazi ambayo mtu anaianza kwa nguvu na kisha anaiacha njiani. Labda mlinichagua kwa sababu mnaijua nyumba yangu. (Watu wanacheka.)

Ni kweli. Nyumba ile imesimama kwenye kimo cha madirisha, huu ni mwaka wa nne. Niliianza kwa ajili ya mama yangu, ambaye mpaka leo anapanga chumba kimoja chenye bati linalovuja. Nilichoma tanuru moja ya matofali, nikafyatua mengine ya tanuru ya pili, nikalipa mwashi. Halafu mtoto akaugua, franka zikakwisha, nikaacha. Hapo sijioni kuwa mkosaji. Mwenye mshahara kama wetu ataacha mara nyingi. Kosa langu ni namna nilivyoacha. Sikufunika kuta. Yale matofali mabichi niliyatupa nje kama takataka. Buku la hesabu sijui liko wapi. Mvua ikala udongo kati ya matofali, na mwaka jana mwashi alipokuja kutazama akaniambia, "Karani, tubomoe, tuanze chini."

Sasa tazameni ziwa letu. Mwaka 1913, kule Papenburg katika Ujerumani, waliunda meli ya chuma yenye urefu wa mita 70 na zaidi, Graf von Götzen. Wakaifungua tena kipande kwa kipande, wakaitia katika masanduku kama 5,000, yakaja Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Mafundi watatu wa kule walikuja kuiunga, pamoja na Wahindi na vibarua Waafrika wengi ambao majina yao sikuyaona katika buku lolote. Ikaingia majini mwaka 1915. Ilikuwa meli ya watawala, tena ya vita, nami siisifu kwa hiyo. Ninawaonyesha jambo moja tu.

Mwezi wa saba 1916 Wajerumani walikuwa wanakimbia Kigoma. Wakaamua kuizamisha meli yao, adui asiichukue. Fikirini: miaka mitatu ya kazi, na sasa unaambiwa uizamishe kwa mkono wako! Mtu mwingine angepiga mashini kwa nyundo kwa hasira. Mafundi wale walizipaka mashini grisi nene kila mahali, ndipo meli ikashuka chini. Walikuwa wanaondoka, hawakujua kama watarudi, lakini waliiacha kazi kama mtu anayefunga mlango kwa ufunguo.

Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakakuta mashini bado zinafaa. Mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, na mashini zile za mvuke zikaisukuma mpaka miaka ya 1970. Mwaka 1997 ilichukua wakimbizi wa Kongo waliokuwa wanarudi kwao kutoka Tanzania. Wale mafundi watatu hawakuipaka grisi kwa ajili yetu, lakini watu wetu walipanda.

Grisi yetu ni nini basi? Kwa mjenzi ni nyasi au bati kuukuu juu ya ukuta. Kwa mama anayeshona ni kukata kitambaa chote na kukifunga pamoja na vipimo, siyo kuacha nusu sakafuni. Kwa kijana anayejisomea usiku ni kuandika ukurasa aliofika. Na kwa kila mtu, karatasi moja: nimefika hapa, nimelipa hiki, kinachofuata ni kile. Sisi makarani tunaandika kila kilo ya mawe ya bwana mkubwa, na ya nyumbani hatuandiki. Mimi wa kwanza.

Tena msitangaze sana kazi mnapoianza. Nilisifiwa nyumba kabla haijapata mlango, na sifa ile ilinishibisha.

Juzi nilimpeleka mama pale kiwanjani. Aligusa ukuta, akauliza dirisha lake litatazama wapi. Nikamwambia ziwani. Hakusema neno tena, wala mimi.

Mwashi amekubali kwamba upande wa ziwani unaweza kupona tukiuondolea mistari mitatu ya juu. Jumamosi, baada ya zamu ya asubuhi, ninaanza. Mabati manne ninayo, ya kufunika. Ngazi sina. Mwenye ngazi ndefu aje tuonane pale mlangoni kabla hajaondoka.